Mawe Meupe ya Kiwandani

Nyakato, Mwanza
14 Aprili 1996

Dada Kabula,

Shikamoo. Mchele wako umefika salama, na watoto wameufurahia. Huku mvua haijakatika wiki ya tatu sasa, na magugu maji yamejaa ziwani. Pamba ya Magu inaendeleaje?

Uliniuliza kama bado nafanya utafiti. Juzi nimepata barua ya profesa mmoja wa Ujerumani. Anasema makala yangu kuhusu zeolaiti, ule unga mweupe wa kuharakisha kazi ya kemikali, imetajwa na wanasayansi arobaini na mmoja, lakini hakuna aliyeweza kuutengeneza kama mimi. Anaomba kijiko kimoja tu aupime.

Dada, nilikuwa na ndoo nzima, kazi ya miaka kumi na moja. Mwezi uliopita walikuja watu wanaotaka kukinunua kiwanda chetu. Unajua kwetu mgeni akija lazima mawe ya njiani yapakwe chokaa. Chokaa iliwaishia, meneja akaingia maabara yangu akaona ndoo ya unga mweupe. Mimi siku hiyo nilikuwa msibani Mkolani.

Wageni walisifu usafi. Kisha wakasema maabara haina faida. Tanuri nililouchomea ule unga limeuzwa, na mimi nimepunguzwa kazini.

Jana nilipiga magoti kwenye tope nikikwangua mawe kwa kisu. Mvua imeosha yote. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia ufunguo.

Profesa sijamjibu. Mama akiuliza, mwambie niko kazini.

Mdogo wako,
Luhende