Hodi ya Okumu

Eldoret, 4 Machi 2019

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai goti limepoa na Joyline wa jirani bado anakusaidia kuteka maji. Mimi ni mzima, studio inaendelea.

Mama, juzi aliingia mteja. Mwalimu Gerishon, yule wa kwaya yenu ya kanisa la Langas. Nilimjua kabla hajaketi. Yeye hakunijua, maana mara ya mwisho aliniona nikiwa darasa la pili. Kwaya inatimiza miaka arobaini mwezi wa sita, na anataka ngoma za nyimbo za zamani ziingizwe kwa kompyuta. Alisema, "Mpiga ngoma wetu tulimpoteza wakati wa ile vita ya uchaguzi." Tulimpoteza! Baba, kama mwavuli.

Nilimuuliza kwa upole ilikuwaje. Akasema kuna mtu alibisha geti la kanisa, lakini waliokuwa ndani hawakujua ni nani. Nilishindwa hata kuandika risiti. Nimfanye nini huyu mtu?

Mwanao,
Odera

Ugunja, 11 Machi 2019

Odera mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa shuttle. Huku tu wazima, goti ni lile lile. Wewe unakula vizuri?

Gerishon ni mwongo. Sasa umekua, nitakuambia. Alikuwa na sheria yake: mazoezi yakianza, mlango unafungwa. Ukichelewa, unabisha kwa pigo lako mwenyewe, na kila mwanakwaya alikuwa na lake. Yeye anakujibu kwa ngoma, mapigo mawili, halafu unafunguliwa. Baba yako alikuwa mchelewaji sugu, kwa hivyo Gerishon aliisikia hodi yake kila Jumamosi.

Siku ile tulipokimbizwa, baba yako alinisukuma ndani ya kibanda cha makaa cha Mama Nangila, akaenda kwenye geti la kanisa kuomba tufunguliwe. Gerishon ndiye aliyekuwa na ufunguo. Okumu alibisha kwa pigo lake. Akarudia. Mimi niliyekuwa kwa makaa nilisikia, na aliyekuwa nyuma ya geti je? Halafu wale vijana waliotukimbiza wakamfikia.

Usimpige. Usimtukane. Mfanyie kazi yake vizuri kabisa, halafu ndani yake weka hodi ya baba yako. Nataka ajibu mbele ya watu.

Mama yako,
Perez

Eldoret, 20 Machi 2019

Mama mpendwa,

Habari za huko? Nimemtumia Joyline dawa ya kuchua goti.

Kazi yangu iko hivi. Naandika ngoma kwa herufi: X kubwa ni pigo zito, x ndogo ni jepesi, nukta ni kunyamaza. Programu inasoma ule mstari alama moja moja na kuugeuza kuwa noti ambazo kompyuta inaweza kupiga. Ile hodi uliyopiga kwenye karai Joyline akairekodi, nimeiandika hivi:

X..x.x..X

Sauti iko kwa simu ya Joyline. Sikiliza uniambie.

Mwanao,
Odera

Ugunja, 2 Aprili 2019

Odera,

Hatujambo, asante kwa dawa. Nimesikiliza. Huyo si baba yako, huyo ni polisi.

Okumu alivunjika mkono wa kushoto akiwa kijana, na pigo la mwisho lilikuwa la mkono huo. Lilikuwa jepesi na lilichelewa kidogo, kama mtu anayeomba radhi. Rekebisha. Sitaki Gerishon apate pa kujificha.

Mama yako

Eldoret, 9 Aprili 2019

Mama,

Natumai mko salama. Nimeongeza nukta mbili na kulipunguza nguvu pigo la mwisho.

X..x.x....x

Mwanao

Ugunja, 15 Aprili 2019

Odera mwanangu,

Joyline alibonyeza simu bila kuniambia, nikiwa nachambua omena. Niliinuka kumfungulia baba yako. Nilikuwa nimeshashika komeo ndipo nikakumbuka.

Usiguse tena hata nukta moja.

Mama yako

Eldoret, 24 Juni 2019

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Sherehe ilikuwa Jumapili ya wiki iliyopita.

Gerishon alisimama mbele na ile ngoma kubwa, kwa heshima tu, kwa sababu muziki wote ulitoka kwa kompyuta yangu. Watu walicheza, wakamsifu. Kabla ya wimbo wa mwisho nikaiachia hodi peke yake, kwenye spika iliyokuwa karibu na mlango. Nikairudia.

Mkono wa Gerishon ulijibu mapigo mawili kabla kichwa hakijauzuia. Mama, hata alipiga hatua kuelekea mlangoni! Hakuna aliyeingia.

Mama Nangila akasimama: "Kumbe hiyo hodi unaijua, Mwalimu. Sasa ile siku?"

Gerishon akaketi sakafuni. "Nilijua ni Okumu," akasema. "Niliogopa." Kila mtu alisikia. Ndipo nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Sitakudanganya, nilifurahi.

Sasa kila siku yuko studio. Anataka kuja Ugunja kukuomba msamaha. Nimwambie nini?

Mwanao,
Odera wa Okumu

Ugunja, 1 Julai 2019

Odera mwanangu,

Mungu akutunze. Goti limepona, au nimelisahau. Umefanya kazi nzuri.

Mwambie aje. Akifika asiite jina langu wala asigonge ovyo. Abishe kwa pigo la Okumu, na mwisho atumie mkono wa kushoto. Nitakuwa ndani, nimeketi karibu na mlango. Nitasikia vizuri, na nitajua ni nani.

Mama yako,
Perez