Baba, Usiling'oe Jino Jingine

Levolosi, Arusha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu, ila baridi imetubana kweli. Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima na watoto wanaamka na mafua. Nyinyi hapo Kondoa mnaendeleaje? Alizeti mmeshavuna? Na kile kidonda chako cha mguuni, kimefunga? Hilo la kidonda siulizi kwa desturi tu, Baba. Soma mpaka mwisho utaelewa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, nikitaja tu neno hospitali, unasema mtandao haushiki na unampa Mama aongee. Barua haina wa kupewa. Tafadhali kaa uisome.

Mkweo Idi alikuwa anaumwa. Sikukwambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui niwaambie watu nini. Ilianza na fizi. Akipiga mswaki anatema damu, basi akaacha kupiga mswaki. Mdomo ukaanza kunuka, akawa anatafuna karafuu na anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Unamjua Idi anavyopenda kucheka. Nyama akaiacha, mahindi ya kuchoma akayaacha, akawa mtu wa uji na mchuzi. Nikimwambia aende kutibiwa anasema, "Zaituni, hakuna aliyekufa kwa jino."

Halafu akaanza kukonda. Suruali za kazini nikazipunguza kiuno mara ya kwanza, nikazipunguza tena. Kule Kisongo anakochomelea mageti alikuwa anakunywa soda kutwa nzima na kiu haikatiki. Pale bombani kwetu wanawake wakawa wakiniona wananyamaza. Nilijua wanachokisema, Baba, kwamba ni UKIMWI, na kuna siku na mimi nilikisema moyoni. Nilikuwa nashona sare za wanafunzi huku machozi yananidondokea kwenye kitambaa.

Siku ya soko tulikwenda Ngaramtoni kununua maharage na viazi. Asubuhi shavu lilikuwa limevimba kidogo. Tulipokuwa tunachagua viazi nikamwona anatetemeka, ameshika meza ya mwenye viazi. Nikamwita, akashindwa kunijibu. Mdomo haufunguki. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kidevu, ngozi imekaza inang'aa, na mate yanamtoka pembeni kwa sababu hawezi kuyameza. Wateja wakasogea mbali kama wameona mlevi. Yule mama wa viazi ndiye aliyetuitia bajaji, akaniambia, "Wewe nenda, mzigo wako nitakutunzia." Njia nzima nilikuwa nimeweka mkono mgongoni kwake nisikie kama bado anapumua.

Hospitali tukapokelewa na daktari wa meno, mwanamke, mpole lakini wa haraka. Akamtazama, akamgusa shingo, akaniuliza, "Anakunywa maji sana?"

Nikasema, "Sana, daktari. Na soda."

"Anaamka kukojoa usiku?"

"Kila mara. Lakini sisi tumekuja na jino."

Akamwita nesi, wakamtoboa Idi kidole, wakaweka damu kwenye kipimo kidogo. Nesi akakitazama, akampa daktari, naye akakisoma, akanigeukia.

"Mama," akaniambia, "mumeo ana kisukari, na kiko juu sana. Usaha huu umeanzia kwenye jino, sasa unashuka shingoni, na ukiendelea unaweza kuziba njia ya hewa. Tunamlaza sasa hivi."

Nikamwuliza sukari na jino vinahusianaje. Akasema mdomo hauko peke yake, ni mwili uleule mmoja. Sukari ikizidi, fizi zinaoza kirahisi na kidonda hakiponi. Na fizi zikiwa na ugonjwa, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Kimoja kinakichochea kingine, na mtu anaisha katikati.

Wakampasua chini ya kidevu, usaha ukatoka, jino wakaling'oa, akawekewa dripu na sindano za sukari. Watoto wetu walilala kwa Mama Aneti, jirani yangu Mchaga. Alikuwa ananiletea chai hospitalini na kuniombea kwa namna ya Kilutheri, na mimi naitikia amina. Kwa muda Idi hakuwa anatambua mtu. Siku alipofungua macho akanong'ona, "Viazi viko wapi?" nilikaa chini sakafuni nikalia.

Sasa yuko nyumbani. Anakunywa dawa, soda ameacha, anapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na amesafishwa fizi kwa daktari. Damu imekoma. Kliniki wanasema sukari inashuka, ingawa bado haijafika wanapotaka. Kovu analo shingoni, na ananiambia nisilitazame sana.

Lakini hofu yangu haijaisha, Baba. Imehama tu kutoka kwa Idi imekuja kwako. Nilipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Idi nilikuona unaloweka ugali kwenye mchuzi mpaka ulainike. Uliling'oa jino kwa vidole ukatuonyesha, watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Mtungi wa maji ulikuwa ubavuni mwako kutwa nzima. Na kidonda cha jembe kimekaa tangu masika. Juzi mdogo wangu Ramadhani akaniambia jino jingine linalegea na umeanza kulitikisa. Nilimweleza yule daktari yote haya, nikamwambia pengine ni uzee. Akatikisa kichwa. "Uzee peke yake hauangushi meno. Mwambie mzee akapime sukari, na mdomo wake utazamwe. Na lile jino asiling'oe mwenyewe."

Huenda huna kitu. Naomba Mungu usiwe na kitu, na unicheke kwa woga wangu. Lakini sitaki nikukute mahali nilipomkuta Idi. Yeye mwenyewe amekaa hapa kitandani, anasema, "Mwandikie baba kwamba nilisubiri mpaka nikashindwa kumeza mate yangu."

Msalimie Mama, na asikuwekee sukari kwenye chai mpaka majibu yatoke. Msalimie Ramadhani na mkewe, na bibi yetu mkubwa aliye nyumba ya nyuma. Wajukuu zako wanakusalimu, yule mdogo anauliza utakuja lini.

Barua hii anakuletea Shangazi Mwajuma, dada yako, aliyekuja huku kwenye harusi. Nimemsimulia kila kitu. Amesema hatafungua begi lake hapo nyumbani mpaka wewe na yeye mtoke kwenda kituo cha afya, na kwamba tangu mkiwa wadogo hujawahi kumkatalia. Kwa hiyo, Baba, ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu. Amesimama mlangoni anakungoja.

Ni mimi mwanao, ambaye silali vizuri mpaka nisikie majibu yako,

Zaituni