Vijiko Vitatu vya Uji

Mpendwa mshauri Bi Esnath,

Salamu nyingi kutoka Mwanjelwa, ambako baridi ya mwezi huu inatutoa moshi mdomoni. Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada naomba unifurahie kwanza, maana mwenzako nimejaliwa mtoto. Mimi niliishia darasa la saba, nauza mchele wa Kyela na maharage, mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka sita sasa, na mwanangu wa mwisho, Bushiri, yuko kidato cha tatu huko Iringa, shule ya bweni, na katika masomo yote akachagua na sayansi kimu, lile somo la mambo ya nyumbani, chakula na lishe, kushona, usafi, kulea watoto, yaani kila kitu ambacho sisi tulifundishwa kwa makofi yeye anafundishwa kwa chati.

Alipolichagua watu walinicheka, Mzee Gerson anayeuza vyombo jirani na meza yangu akaniuliza mbele ya wateja, "Mama Shufaa, umempeleka kijana Iringa akasomee uhausigeli?" Nikamwambia, "Subiri mzee, utamfuata mwenyewe." Na kweli, likizo hii wiki haijaisha Mzee Gerson huyo mlangoni kwangu na suruali yake ya Pasaka, zipu imekufa, amesimama kwa adabu kama mgonjwa anayesubiri daktari, na Bushiri akaibadilisha ile zipu kwa sindano ya mkono, mshono huuoni hata ukivaa miwani. Siku hizi nusu ya soko wameacha kuniita Mama Shufaa wananiita Mama Bushiri, na mimi sikatai.

Sasa sikiliza. Binti yangu mkubwa, Shufaa, alijifungua mtoto wa kiume mwanzoni mwa mwezi wa sita, akaja kwangu kukaa arobaini yake kama ilivyo desturi, na wa kumkanda akawa wifi yangu Mwanaidi, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, akatoka kwake Idodi kwa mabasi mawili na dumu la asali na jogoo ndani ya kapu. Wifi huyu ndiye aliyenikanda mimi uzazi wangu wote, ana mkono, na ana mdomo pia. Bushiri naye akafika na daftari la kazi, maana mwalimu wao, Madam Tekla, aliwaambia kila mmoja aangalie malezi ya nyumbani kwao likizo nzima na aandike, basi nyumba yangu ikawa chuo, dada yake anapangiwa mlo, leo dagaa na mchicha, kesho maharage na parachichi, mimi naambiwa mboga nisiichemshe mpaka ikafa, shangazi mtu anaulizwa maji ya kukandia yawe ya moto kiasi gani na kwa nini tumbo linafungwa hivi, na yeye anajibu, na kijana anaandika. Halafu akabandika karatasi kubwa ukutani jikoni, herufi nyekundu: "Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana." Bi Esnath, niliita majirani waje waisome, na wasiojua kusoma niliwasomea mimi.

Wifi kila akiipita hiyo karatasi anasema, "Bushiri, baba yako alikunywa uji ana wiki mbili, na akaja kubeba magunia ya kilo mia." Bushiri anacheka, anaandika na hilo.

Sasa lile linaloniuma. Siku moja saa nne asubuhi Shufaa amelala, Bushiri nimemwachia meza yangu sokoni, mtoto analia, nimembembeleza nimechoka, nikaona huyu ana njaa, nikachota uji wangu wa ulezi, nikaupoza, nikampa vijiko vitatu, hapohapo chini ya karatasi ya mwanangu. Akanyamaza akalala. Nikajiambia si nimelea watano. Wifi alikuwa uani anafua, aliingia mara moja kuchukua beseni akatoka, hatukusemeshana. Kesho yake nikampa tena.

Siku ya tatu tumbo la mtoto limejaa kama ngoma, anatapika, anaharisha, tukamkimbiza hospitali akalazwa siku mbili. Nesi akauliza nani amempa mtoto chakula. Shufaa akamwangalia shangazi yake, Bushiri akamwangalia shangazi yake, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwangalia na mimi. Bushiri akasema, "Shangazi, si nilikuomba?"

Wifi alinitazama kidogo, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Mtoto akipona inatosha." Tuliporuhusiwa, kesho yake alfajiri akapanda basi akarudi Idodi, hata dumu lake aliliacha.

Mtoto ananyonya sasa, amenenepa, mashavu hayo. Na mimi, usinipige, nilienda sokoni nikasimulia jinsi mwanangu alivyomkamata mtu mzima na uji wake, na watu wakashangaa, na mimi nikanogewa nikasimulia tena.

Juzi Bushiri akanipa daftari nisome. Ukurasa wa mwisho kaandika kuhusu mlezi anayemheshimu, na ni mimi. Kaandika: "Mama yangu aliishia darasa la saba lakini alikubali kujifunza. Shangazi yangu alikataa, na mtoto akaumia." Siku ya wazazi atausoma mbele ya shule nzima, na wapo watoto wa Idodi wanasoma palepale, habari itafika kwao kabla ya jua kuzama.

Na arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kwetu aliyemkanda mzazi ndiye anayemtoa mtoto nje siku hiyo, si mwingine, na wifi hapokei simu. Dada zangu wanasema nimtoe mimi, mambo yaishe. Bushiri anarudi shule Jumatatu inayofuata. Nikikiri atachana ule ukurasa, na ukurasa ule ni cheti changu, maishani sijapata kingine. Nikinyamaza, mtoto si amepona? Naomba uniambie, nimtoe mtoto mwenyewe na ninyamaze, au nifanyeje?

Ni mimi mama mwenye furaha na aibu,
Mwanjelwa, Mbeya.

BI ESNATH ANAJIBU

Mama mwenye furaha, nimekufurahia kama ulivyoniagiza. Kijana wako ni zawadi, na shule inayomfundisha mtoto wa kiume kushika sindano na kujua mtoto mchanga anakula nini inastahili shukrani. Majina yote nimeyabadilisha, maana ulinipa mpaka namba ya meza yako, lakini usijidanganye, mwenye zipu yake atajijua. Sasa kaa chini.

Soma tena barua yako. Umeandika kwamba wifi aliingia jikoni kuchukua beseni. Wewe hapo umepita mbio, mimi nimesimama. Alikuona, mama. Alikuona na kijiko mkononi. Halafu hospitalini, mbele ya nesi na mbele ya mwanao, mwanamke ambaye umesema mwenyewe kuwa ana mdomo alikuwa na jibu, akalimeza. Alikubali kuaibika yeye ili wewe usishuke machoni pa Bushiri. Ukamshukuru kwa kumtangaza sokoni.

Uji wenyewe sikutukani nao. Ulifanya ulivyofanyiwa, kama wengi wetu, na mtoto analia hakuna anayekumbuka karatasi. Kosa ni kwamba uliurudia kesho yake, na kubwa zaidi ni huu ukimya. Unauliza mtoto si amepona? Binti yako leo anaamini hatari imeondoka na basi la Idodi, kumbe ipo jikoni inamenya vitunguu. Siku mtoto atakapolia tena na mama yake amelala, nani atakuzuia?

Na hicho cheti unachokililia bado hujakipata. Mwanao ameandika kwamba ulikubali kujifunza. Leo hii sentensi hiyo ni ya uongo, na wa kuifanya iwe kweli ni wewe peke yako, na muda unao.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, mwite Bushiri na Shufaa jikoni, karatasi ikiwa ukutani, useme, "Ni mimi niliyempa uji, siku mbili, na shangazi yenu alijua." Usiseme shetani alikupitia, uji haukupikwa na shetani. Usilie mpaka watoto waanze kukubembeleza wewe. Kijana atakasirika, mwache akasirike, hasira ya mtoto uliyemlea vizuri ina mwisho.

Kesho asubuhi panda basi uende Idodi, na Bushiri aende na wewe, maana naye ana neno la kumwambia shangazi yake. Chukua lile dumu, na usilirudishe tupu, umesema unauza mchele wa Kyela. Gazeti letu hufika vijiji vya huko Jumatatu, wewe ufike kabla yake. Umwombe radhi mbele ya watu wa nyumba yake, si chumbani kwa kunong'ona. Ukirudi sokoni, simulia kwa sauti ileile uliyosimulia nayo mwanzo, na uanze na Mzee Gerson.

Mtoto usimtoe wewe. Wifi akikubali kuja, Jumamosi ijayo umkabidhi mjukuu mikononi mwake mlangoni, mbele ya waalikwa wote, amtoe kwenye jua. Akisema moyo wake haujapoa, sogezeni shughuli mpaka upoe, mtoto hachachi akikaa ndani wiki moja zaidi.

Ukurasa wa daftari usiuguse, wala usimwambie Bushiri aandike nini. Siku ya wazazi nenda Iringa, mtafutie wifi yako kiti pembeni yako, mstari wa mbele, msikilize wote wawili kijana atakachosoma. Ukisikia jina la Mwanaidi pale ulipokuwa unangoja la kwako, anza wewe kupiga makofi.