Magunia Mawili Kutoka Mponde

Jumatatu. Ukungu haujaondoka hapa Lukozi tangu alfajiri, nami nina hasira.

Nimeamka nayo. Nimechemsha chai nayo, nimepalilia kabichi nayo, na sasa naandika ili nisije nikaimwagia mtu asiyehusika.

Jana kwaya yetu ilialikwa kuimba Mponde, kwenye tamasha la kwaya za sharika mbalimbali. Tulikodi basi la Kosta, tukapita Lushoto, Soni, Bumbuli, tukiimba njia nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nianzishe wimbo wa pili. Kwenye kikapu changu nilibeba hotpoti ndogo ya chakula, kikombe cha bati, kijiko, na chupa ya chuma ya maji. Siku hizi sitoki nyumbani bila vitu hivyo.

Wanaonijua wanajua sababu. Masika yaliyopita ng'ombe wangu aliacha kula, tumbo likavimba, siku ya nne akafa. Bwana mifugo alimpasua nikiwa nimesimama pale, akatoa donge la mifuko ya nailoni, kubwa kama kabichi. Na ng'ombe yule hakuwahi kutoka zizini. Kila jani alilokula nilimkatia mimi, kwa mundu wangu, kule bondeni ambako kijiji kizima tunatupa takataka.

Mimi ndiye niliyemlisha.

Basi tangu hapo nikienda safari, msibani au harusini, nabeba vyombo vyangu. Watu hucheka kidogo, kisha huzoea. Lakini hapa lazima niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Kikao cha kupanga safari ya Mponde nilihudhuria. Shangazi Damari, dada wa baba yangu na mwenyekiti wa kwaya, alisema kila kwaya itachangia kitu cha chakula cha mchana, na sisi tutapeleka sahani za plastiki, vikombe vya kutupa na maji ya chupa. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilikuwa nalo. Nikanyamaza.

Nilijiambia nina vyombo vyangu, yangu yametosha. Huo ndio uongo ninaoukasirikia zaidi leo.

Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kuwasingizia wenyeji. Wali, njegere, kuku. Dada aliyekuwa akipakua aliipokea hotpoti yangu bila shida, akaniambia, "Afadhali wewe, hizi sahani zinajikunja na wali wa moto." Nilikuwa bado nacheka naye Shangazi alipofika nyuma yangu.

"Eliza, hiki nini?"

"Chombo changu, Shangazi."

"Unatuaibisha. Watu watasema Lukozi wamekuja na vyombo kama wanaokwenda kulazwa hospitali."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hata watu wa sauti yangu, niliokaa nao kiti kimoja kwenye gari. Nilikula nimeinamisha kichwa. Shangazi ndiye aliyenifundisha kuimba nikiwa na miaka sita, na kwetu hapa mtu hamjibu shangazi yake mbele za watu.

Baada ya kula niliuliza maji ya kusuuzia vyombo. Nikaelekezwa kijito kilicho nyuma ya kanisa, chini ya mteremko. Nilishuka nikishika matawi ya michai, maana ardhi ilikuwa tope.

Nilipofika chini nilisikia kitu kikiporomoka juu yangu.

Zilikuwa sahani. Sahani zetu, zenye mifupa na wali, pamoja na vikombe na chupa, zinabingirika hadi majini. Juu kabisa niliwaona wanaume wawili wa kwaya yetu, watu wazima wenye familia zao, wanakung'uta viroba. Mmoja akanipungia mkono.

Akanipungia mkono!

Kando ya kijito kulikuwa na mama mmoja wa rika la mama yangu, ana ndoo mbili. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anasubiri mifupa ipite ili achote. Baadaye aliniambia anaitwa Zaituni, kwao Kigoma, amechuma chai katika milima hii miaka mingi kuliko umri wa watoto wake, na nyumba zao zote kule bondeni zinakunywa maji haya.

"Hao wa juu ni wenzako?" akaniuliza.

Nilitamani kusema hapana. Nikasema ndiyo.

"Kila kukiwa na sherehe huko juu, sisi tunaletewa haya. Mimi Mwislamu, mambo ya kanisani siyajui. Lakini huyo Mungu mnayemwimbia huko juu, huku chini hayupo?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Nilipanda ule mteremko sijui kwa miguu gani. Kwaya ilikuwa imeshajipanga mlangoni, sare zimenyooshwa, tunasubiri kuitwa. Nikamweleza Shangazi kinachoelea kwenye maji ya watu. Akanijibu bila kugeuza shingo, "Wenyeji watasafisha. Ingia mstarini."

"Shangazi, ni sahani zetu."

"Nimesema ingia mstarini."

Hapo nikapiga kelele. Nilimpigia kelele shangazi yangu mbele ya kwaya nzima na wageni: "Watu wanakunywa yale maji! Siimbi mimi!" Akanigeukia kwa Kishambaa, lugha anayoitumia akitaka neno lifike mfupani, akaniambia baba yangu angekuwa hai angeona haya.

Nikaomba magunia mawili jikoni, nikashuka.

Nilitaka kuandika kwamba walinifuata. Hakuna aliyenifuata. Bi Zaituni alipandisha kanga yake, akaingia majini pamoja nami. Tuliokota sahani, vikombe na chupa. Wimbo wa pili ulipoanza kanisani niliusikia vizuri sana, sauti ilishuka mpaka kwetu. Mwenzangu Naomi ndiye aliyeuanzisha badala yangu. Aliuanzisha vizuri. Niliokota kikombe nikalia, na sijui nililia kwa ajili ya maji au kwa ajili ya wimbo.

Magunia yalipojaa niliyapandisha, nikayapeleka kwenye Kosta. Dereva akakataa, eti yatachafua gari lake. Nikamwambia tulikuja na vitu hivi, tunarudi navyo, na kama hayapandi basi na mimi sipandi. Mwisho aliniacha nikae nayo kiti cha nyuma, moja miguuni, moja mapajani. Yalinuka kuku mpaka Lukozi. Hakuna aliyeimba. Shangazi hakugeuka nyuma hata mara moja.

Leo asubuhi katibu wa kwaya amekuja kunipa ujumbe. Natakiwa mbele ya kamati Jumatano, nijieleze kwa nini nilikosa adabu kwa kiongozi. Nikamuuliza kama waliomwaga takataka nao wameitwa. Akaaga, akaenda zake.

Magunia yako hapa uani. Nimeyazunguka mara tatu leo. Gari la taka halifiki kijijini kwetu. Nikiyachoma, moshi utaingia kwa jirani mwenye kichanga. Nikiyapeleka bondeni, mwenye ng'ombe mwingine atakata majani pale. Nimeyatoa kwenye maji ya Bi Zaituni, na sina pa kuyapeleka. Hilo nalo linanikasirisha: kwamba hata mtu akitaka kufanya jambo la haki, njia haipo. Kitu pekee ambacho kingefaa ni kutozinunua zile sahani, na siku ile ya kikao nilikuwa na mdomo.

Nimeamua hivi. Jumatano nitampigia Shangazi magoti, nimwombe radhi kwa kumpazia sauti, na nitaomba kwa moyo wangu wote, kwa sababu nampenda na nilimkosea. Kisha nitasimama niseme neno ambalo sikulisema kwenye kikao kile, wakitaka kunifukuza wanifukuze.

Kuhusu magunia siombi radhi.