Chumba Chako cha Bagamoyo

Kijiji cha Mwazye,
Sumbawanga.
21 Agosti 1977

Mdogo wangu mpendwa Luciana,

Pokea salamu za huku kwetu kwenye upepo na baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa Kwaresima kimekuacha. Sisi hatujambo. Ulezi tumeshaupura, mahindi yamo ghalani, ila shamba la kijiji limetoa haba. Kaka Polikarp anaumwa mgongo, lakini kuamuru watu hajaacha.

Barua yako niliipokea parokiani, nikaisoma nikiwa nimesimama. Nilifurahi kusikia shule imekupa nyumba ya walimu. Kisha nikafika pale ulipokiita chumba chako tundu la panya, ukasema unaona haya kwamba nililala humo Pasaka. Hapo furaha ikaniisha. Luciana, nilikuonea wivu tangu siku niliyoingia chumbani mwako, na mpaka leo wivu huo haujanitoka.

Wewe unaona udogo wake. Mimi niliona kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa karibu na dirisha, na pazia la kitenge katikati, vyote vya mtu mmoja. Uliniomba radhi eti mtu akiketi kitandani anaweza kukoroga sufuria. Ubaya uko wapi? Ulipokwenda kufundisha nilisukuma komeo, nikakaa. Kuta zile nene za mawe hazipitishi hata kelele za sokoni. Sikushona, sikupika, na hakuna aliyeniita. Nilipochoka kukaa nilitembea hadi kanisa la wamisionari wa kwanza, nikasali, nikarudi. Kikombe changu nilikikuta palepale nilipokiacha.

Hapa, tangu tuhamishiwe kwenye nyumba hizi za safu, nalala jikoni na mabinti wa kaka, na moshi unatutoa machozi. Ile kanga uliyoninunulia, wifi Kristiana aliivaa kanisani kabla yangu. Sikumgombeza. Ningemgombezea wapi, nami sina hata pembe ya kujinunia?

Liko na jingine, na nitalisema. Mama alipokuwa mgonjwa, mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji wa ulezi. Jina alilokuwa akiliita ni lako. Ulipofika kwenye mazishi watu walikupisha ukae mbele, mwalimu kutoka pwani, mimi nikarudi kuchochea moto wa wageni. Hukufanya kosa, najua. Lakini liliniuma, na linauma hadi sasa.

Basi sikia nilichofanya. Jumapili tulikuwa tukila ugali na samaki, migebuka ya Ziwa Tanganyika, nikawaambia nataka kukihamia chumba chako. Kaka aliliacha tonge sahanini.

“Mwanamke mzima akakae peke yake chumbani, afanye nini?”

“Akae,” nikamjibu.

Wifi alicheka, kisha akaona sicheki. Kaka akauliza nani atawapikia watoto mama yao akiwa kwenye shamba la kijiji. Nikamwambia mabinti zake wamekua, na moto hauchagui wa kuuchochea. Aliondoka bila kunawa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Zenon, kuomba ruhusa. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza.

“Unafuata mume?” akaniuliza.

“Hapana, mzee. Nafuata chumba.”

Alidhani namtania. Nilipomweleza kwamba Mama Martha, yule fundi wa Mbeya aliyeko hapo mtaani kwako, aliniahidi kazi ya kushona sare za shule, alikubali. Alisema mwenye kazi haitwi mzururaji, na akaniombea safari njema.

Jana asubuhi nilimkuta kaka uani akiifunga cherehani ya mama kwa magunia na kamba. Alikuwa ameinama na mgongo wake ule mbovu, nikataka kumsaidia, akakataa. “Garini ishike mwenyewe, usiwaachie matingo,” akasema. Hilo tu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa hiyo tafadhali, usimrudishie mwenye nyumba ufunguo. Nitapanda treni Tunduma baada ya sikukuu ya Msalaba, mwezi ujao. Umeandika kwamba mwalimu mwenzako Atusaye anakitaka chumba hicho. Ni binti mwema, alinikaribisha vizuri, lakini asikipate. Mwambie dada yako amekiomba kwanza. Meza ichukue, pazia niachie.

Nisalimie Mama Martha, umwambie naja kweli. Msalimie na Atusaye, ukishamweleza taratibu. Kaka Polikarp, wifi na watoto wote wanakusalimu, na Baba Mdogo Kornel anauliza kama huko pwani bado unakula ugali.

Mungu akufunike kwa mkono wake mpaka tuonane. Nitakupikia, nitakushonea, na ukiugua nitakuuguza bila kununa. Ila ukija kwangu, mdogo wangu, uje kama mgeni: upige hodi, usubiri nikufungulie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na wivu wangu,
Bertilla