Filamu Isiyotoka Getini

Section 58, Nakuru
Jumapili, 2 Februari 2025

Ndugu yangu Gedion,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nairobi inakuweka vipi, na kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepoa? Huku tuko salama. Mama anakula, analala, na leo asubuhi ameimba wimbo wa kanisa beti zote bila kukosea, ingawa alipomaliza aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Ile simu yangu kubwa Mama aliiloweka kwenye beseni pamoja na soksi, akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Nimebaki na kabambe, kile kisimu cha vitufe, na wewe nikikupigia unasema "nitakurudia saa hii" halafu kimya cha wiki nzima. Barua angalau huwezi kuikata.

Sasa ombi langu, na usinicheke. Jirani yetu Celestine alinionyesha picha za harusi ya binti yake, zilizopigwa kwa filamu na mama mmoja wa Gilgil anaitwa Wamaitha. Nilizitazama mpaka chai ikapoa. Nataka kujifunza. Wewe unauza hizo kamera za zamani kila siku na filamu unaosha mwenyewe huko nyuma ya duka, kwa hivyo niambie: mtu asiye na pesa anaanzia wapi?

Halafu Desemba ulisema utakuja Februari. Hii ndiyo Februari.

Dada yako mkubwa,
Sally


Nairobi
13 Februari 2025

Dada Sally,

Niaje? Najua hupendi kusalimiwa hivyo, ndiyo maana nimeanza nayo. Mimi ni mzima, kifua kimetulia. Mwambie Mama mwanawe anamsalimia sana.

Kukucheka? Nimefurahi mpaka nimefunga duka mapema. Asiye na pesa anaanzia kwa kamera isiyokula betri, yenye lenzi yake moja ya kawaida, basi. Watu huingia hapa wakitaka majina makubwa waliyoyaona mtandaoni. "Boss, iko ile ya maceleb?" Nawauzia, wanairudisha baada ya mwezi. Wewe nimekuchagulia Zenit ya Mrusi, nzito kama jiwe la kusagia. Ikianguka, hurumia sakafu.

Siku ukinunua mwenyewe, fungua tundu la lenzi lote umulike ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui kwenye kioo, hiyo ni kuvu, irudishe hapo hapo. Vumbi kidogo halina neno. Na usikubali mtu akuuzie lenzi ya pili kabla hujaichosha ya kwanza, hiyo ndiyo njia ya kufilisika.

Kipima mwanga cha hii kilishakufa, lakini hukihitaji. Jua likiwaka vizuri weka tundu kumi na sita, na kasi iliyo karibu na namba ya filamu. Wingu likipita ongeza mwanga hatua moja, kivulini hatua tatu. Na kila ukivuta filamu angalia kile kitufe cha kushoto juu. Kikizunguka, filamu inatembea. Kikikaa tu, filamu haijashika na unapiga hewa.

Nimekuwekea filamu mbili. Ukimaliza moja usifungue mgongo wa kamera, irudishe kwanza kwenye mkebe wake, kisha nitumie kwa gari la vifurushi nikuoshee.

Februari imebana kweli. Machi nakuja.

Ndugu yako mdogo,
Gedion


Section 58
Jumapili, 30 Machi 2025

Gedion wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba unakula kitu kingine mbali na chipsi. Mama hajambo. Mimi pia.

Asante kwa jiwe la Mrusi. Siku ya kwanza niliogopa hata kulishika. Sasa Mama akisikia mlio wa shata ya kamera anasema "imeuma," na mimi nacheka kila mara kana kwamba hajawahi kusema. Kitufe cha kushoto kinazunguka, nimekichunga kama mtoto.

Filamu ya kwanza ndiyo hii. Nimezunguka nayo sana. Nilienda ziwani kuona flamingo, nikaenda Free Area siku ya soko, nikapiga watu na mboga zao. Ukiona nimekosea, niambie ukweli, nisije nikajisifu bure.

Machi imebaki kesho tu.

Dada yako,
Sally


Nairobi
11 Aprili 2025

Dada Sally,

Salamu. Hamjambo nyote wawili? Mimi niko sawa, ila barua hii nimeianza mara tatu.

Kwanza ukweli uliouomba: wewe unajua. Sisemi hivi kwa sababu wewe ni dada yangu. Mwanga umeupata karibu kila mahali, na ile ya mikono ya Mama ikichambua maharagwe nimeibandika hapa kaunta. Wateja wanauliza ni ya nani. Nakala za picha zote nimekufungia humu.

Lakini ulisema ziwa. Nimeitundika filamu, nikaipitia yote kwa kioo cha kukuza, nikarudia. Hakuna ziwa wala flamingo. Soko silioni. Kuna Mama jikoni, Mama kwenye kiti, Mama amelala. Kuna ukuta wa jirani. Kuna mawingu, na chini ya mawingu vyuma vya dirisha. Kila picha ya nje ina vyuma vya dirisha, na ile moja isiyo navyo ni ya geti letu, kwa ndani, na kufuli.

Sally, mara ya mwisho umetoka nje ya hilo geti ni lini?

Nduguyo,
Gedion


Section 58
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Gedion,

Heri ya Pasaka. Natumaini ulienda kanisani, ukatuombea. Sisi tumesikiliza ibada kwenye redio.

Ningejua filamu ina mdomo namna hii ningekutumia barua tupu.

Haya, umeuliza. Mama alipotea Oktoba. Sikukuambia. Nilikuwa bafuni, geti lilikuwa limerudishwa tu, na nilipotoka hayupo. Tulimpata upande wa pili wa barabara kuu ya Nairobi, akiwa na nguo ya kulala, akimngoja Baba ashuke kazini. Baba aliyekufa tangu tukiwa shule. Malori yanapita hapo, wewe unayajua. Tangu siku hiyo geti lina kufuli, na ufunguo naulalia. Yeye hatoki, kwa hivyo mimi sitoki. Vitu vya dukani Celestine ananipitishia juu ya geti. Yeye hufika, lakini hawezi kukaa siku nzima, ana mumewe mgonjwa. Nilikudanganya kuhusu ziwa kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani adhani nilienda.

Watu wakipita wananiambia Mungu atanibariki. Nimechoka na hiyo baraka, Gedion. Nampenda Mama, na kuna asubuhi natamani nipige mayowe mpaka mabati yaruke. Nimesema.

Tulikubaliana tutapokezana mwaka kwa mwaka. Wako ulikuwa uanze nikimaliza wangu. Nimeingia wa tatu.

Sasa nisikilize vizuri. Celestine alimpelekea Wamaitha zile picha ulizonioshea. Wamaitha anatafuta mtu wa kufanya naye kazi, amfundishe na amlipe. Amesema niende Jumamosi tarehe 14 Juni, ana harusi pale Elmenteita, nishike kamera yake ya pili aone mkono wangu. Akiridhika ananichukua. Siku moja tu. Njoo ukae na Mama siku hiyo moja. Sijawahi kukuomba kitu hivi.

Sally


Nairobi
5 Juni 2025

Dada yangu mpendwa,

Habari za hapo, na Mama anaendeleaje na baridi hii ya Juni? Mfunike miguu.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilipoisoma yako niliketi chini kwenye sakafu ya duka. Nilitaka kukujibu ndiyo siku hiyo hiyo. Halafu mwenye jengo akaleta maneno ya kutuhamisha, na kuna mteja amenipa harusi yake yote niioshe, na anaitaka wiki hiyo hiyo. Tarehe 14 sitaweza, Sally. Nimejaribu kuipindua kila upande. Mwombe Wamaitha asogeze, mtu mwenye moyo wa kufundisha ataelewa. Julai mambo yakitulia tutapanga vizuri.

Ila sikukuacha mikono mitupu. Fungua ile pamba. Hiyo ni lenzi ya mia moja thelathini na tano, ya kuvuta mbali, safi kabisa, nimeimulika mwenyewe. Najua nilisema usinunue ya pili, lakini hii ni zawadi. Ukiwa umekaa tu pale kwenye veranda unaweza kuleta karibu vitu vilivyo mbali: ndege kwenye waya, watoto wa jirani, hata ukingo wa mlima Menengai kukiwa hakuna ukungu. Huna haja ya kutoka ili upige picha nzuri.

Nimekuwekea filamu nyingine pia.

Akupendaye,
Gedion


Nairobi
Jumanne, 22 Julai 2025

Sally,

Salamu sijui hata nizianzie wapi. Kimya chako kimekuwa kirefu. Kabambe yako inaita tu hujibu, na Celestine ananiambia "wako salama" kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kusema zaidi.

Jana imefika filamu yako. Nimekung'uta bahasha mara mbili nikitafuta barua.

Nimeiosha jana hiyo hiyo. Nilipoitundika nilidhani kamera imeharibika, kwamba filamu ilikwama na ukapiga picha moja juu ya nyingine. Fremu zote zilikuwa moja. Geti, kufuli katikati, limeletwa karibu kwa ile lenzi yangu mpaka linajaza kila kitu. Kisha nikachukua kioo. Pembeni kabisa inaonekana kamba ya nguo. Kwenye fremu ya kwanza kuna shuka. Ya pili, gauni la Mama la maua. Ya tatu haina kitu, na ardhi imelowa. Ndipo nikaelewa kwamba kamera ni nzima. Ulikaa kwenye kiti kile kile na kupiga picha moja kwa siku, filamu nzima, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbele yako kila siku.

Sijui ulianza tarehe gani. Sijui, lakini nadhani najua, na nadhani ulikuwa umevaa nguo za kutoka.

Nimelia, Sally, mteja akiwa amesimama kaunta. Nilikutumia lenzi ili nisije mimi. Sikuwa nimeliona hivyo nilipoifunga.

Jumamosi hii, tarehe 26, nakuja. Duka nimemwachia Maxwel, yule fundi wa saa. Nitakaa wikendi yote na wewe utoke, uende popote, hata ukatembee tu barabarani. Nitafika saa nne.

Ndugu yako,
Gedion


Section 58
Jumamosi, 26 Julai 2025

Gedion,

Karibu nyumbani. Pole kwa safari. Chai iko kwenye chupa, na ukimaliza kunywa ndipo usome, maana nakujua.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma Mama akinisuka nywele, na kila nikilia alidhani amenivuta sana, akaniomba msamaha. Nimekusamehe mambo mengine. Mengine bado, na sitajifanya.

Celestine atakaa na Mama mpaka ufike, na ufunguo anao yeye. Uchukue, umshukuru, arudi kwa mumewe.

Mama hali ugali wa moto, uache upoe, umkatie vipande. Dawa ya asubuhi isage uitie kwenye uji, akiiona haimezi. Akianza kutafuta viatu jioni ujue anataka kwenda kumpokea Baba. Usimwambie Baba alikufa, kwa sababu atamlilia upya kama ni leo, nami nilifanya kosa hilo mara nyingi kabla ya kujifunza. Mwambie Baba yuko zamu ya usiku, atakuja kesho. Anakubali. Kuoga anaona haya, na wewe ni mwanamume, kwa hivyo mwite Celestine, lakini kumnawisha miguu anapenda, hata wewe atakukubalia. Ukienda msalani acha mlango wazi umsikie.

Wamaitha hakusogeza siku. Alipata mtu mwingine, kijana wa Naivasha, anaitwa Sydney. Naenda hata hivyo. Yuko Kariandusi leo, ana wateja wa picha, nitamwambia nibebe taa, nifagie, nifanye chochote atakachoniambia. Akikataa, kuna wengine. Nimebeba kamera na lenzi zote mbili na nguo kwenye begi la Baba.

Wewe umeandika kwamba utakaa wikendi. Mimi sijaandika popote kwamba nitarudi Jumapili. Nikipata pa kukaa nitakutumia anwani, na nitakupigia uniwekee simu sikioni mwake.

Atakuuliza wewe ni nani. Mwambie. Akiuliza tena, mwambie tena, na usipandishe sauti.

Dada yako,
Sally