Maelezo ya Mama Tanga Kuhusu Umeme Uliovujia Majini

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, Jumapili tarehe 15, saa nne asubuhi

Shahidi: Mama Tanga (ndivyo anavyojulikana gatini, na ndivyo alivyoomba aandikwe)
Umri: miaka 39
Kazi: mshonaji wa matanga na maturubai
Makazi: ndani ya boti ya matanga, gati la ndani, bandari ndogo ya ziwani

Mimi ni mke wa mwenye boti. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Tangu jana mchana shemeji yangu, yaani mdogo wake mume wangu, yuko mahabusu kwenye kituo hiki kwa madai kwamba alimzuia mtu kwa nguvu asimwokoe mwenzake aliyekuwa anazama. Nilikuwepo, niliona mwanzo hadi mwisho. Afande ameniuliza kama kuna mtu aliyenifundisha la kusema. Hakuna. Mume wangu yuko pale nje kwenye benchi, na aliloniambia ni hili tu: "Mke wangu, sema yote, hata yangu."

Boti yetu ni ya zamani, tuliachiwa na marehemu baba mkwe. Ikiwa imefungwa gatini tunapata umeme wa nchi kavu kwa waya mnene unaochomekwa kwenye nguzo ya umeme iliyopo pale. Waya wenyewe, plagi yake na kisanduku cha swichi kilichomo ndani vilikuwa vile vile vya enzi za mzee. Mwezi uliopita kichwa cha plagi kiliungua kikayeyuka upande mmoja, harufu ikanifuata hadi kwenye cherehani. Nikamwambia mume wangu kwamba siku moja tutaamka majivu. Akasema atakifunga utepe. Akakifunga utepe kweli, na akaridhika.

Shemeji ni fundi umeme. Tatizo ni kwamba yeye na mume wangu hawakuwa wanasemezana tangu msiba wa baba yao. Shemeji alishauri boti iuzwe, na mume wangu akalichukua kama vile amesema mzee mwenyewe auzwe. Kwa hiyo nilimpigia simu mimi. Jana, Jumamosi tarehe 14, saa mbili asubuhi, alifika na begi lake la vifaa, akasimama gatini bila kupanda.

"Shemeji, kaka anajua kama nakuja?"

"Anajua."

"Amesemaje?"

"Amesema hatakuwepo."

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko ndani."

Akacheka, akapanda.

Asubuhi nzima nilikuwa mkalimani wa watu wawili waliozaliwa tumbo moja. Mume wangu aliniambia, "Mwambie fundi wako asitoboe ukuta wa baba." Shemeji, aliyekuwa karibu kiasi cha kumgusa, akaniambia, "Mwambie mteja huu ukuta umeshajitoboa wenyewe, umeoza." Nikawaambia wote wawili kwamba nina tanga la mtu la kumaliza.

Shemeji aliweka tundu jipya la kuchomekea nyuma ya boti, waya mpya, na kisanduku kipya chenye swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Nilimuuliza inajuaje. Alisema umeme unaotoka lazima urudi wote. Ukipungua hata kidogo, kuna mahali umepotelea, na swichi haisubiri kuambiwa. Akahamisha taa, soketi na friji kwenye kisanduku kipya, vyote vikafanya kazi vizuri. Nilifurahi jamani, friji ilikuwa haijawahi kunguruma taratibu vile. Mwisho akaunganisha hita ya maji. Swichi ikakata. Akaiwasha tena, ikakata tena.

"Hita hii inavuja," alisema. "Na waya wa zamani ulikuwa na ethi iliyokatika, ule uzi wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, ndiyo maana hamkujua. Umeme ulikuwa unatafuta njia nyingine ya kwenda."

Hita hiyo mume wangu aliifunga kwa mikono yake, akisaidiana na baba yake. Hapo ndipo alipomsemesha mdogo wake moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Hita haivuji. Swichi yako ndiyo mbovu."

"Kaka, usiiguse. Nakwenda kuchukua kipimo garini, uone kwa macho yako."

Gari lake alikuwa ameliegesha nje ya geti la bandari, na kutoka kwetu hadi huko ni mwendo. Alipoondoka, mume wangu aliuchukua waya wa zamani uliokuwa umelala juu ya boti, akaufunga kwenye hita, akaenda kuuchomeka kwenye tundu la pili la ile nguzo. Nilimwambia, "Si amesema usiiguse?" Akajibu, "Amesema yeye nani?" Taa nyekundu ya hita ikawaka. Akaniita nije nione. "Unaona? Inachemsha kama siku zote." Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeshinda mchezo. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwenyewe amenituma niliseme.

Wakati huo Bata alikuwa majini. Bata ni mzamiaji anayesugua matumbo ya boti za watu pale gatini. Tunamwita hivyo kwa vile nchi kavu huonekana kwa nadra. Alikuwa anamalizia boti ya jirani. Akaibuka, akavua kioo cha usoni, akanipungia mkono.

"Mama Tanga! Chini ya boti yenu kumeota msitu!"

"Wewe fyeka, usilete maneno," nilimjibu.

Akaogelea kuelekea nyuma ya boti yetu, palipo na propela. Alipokaribia akasema, "Maji yananiuma." Nilidhani ni utani wake. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Yananishika!" Mikono ikajikunja kifuani. Akageuka kifudifudi, akatulia.

Nilipiga kelele. Mume wangu alitoka ndani, akamwona Bata, akarukia gatini, akavua viatu. Mume wangu ni mwogeleaji hodari na alikuwa anakwenda kumtoa mwenzake. Mtu asiseme vinginevyo juu yake.

Shemeji alikuwa anarudi kwenye gati na kipimo mkononi. Aliuona waya wa zamani umechomekwa, akamwona Bata, akamwona kaka yake amekunja magoti tayari kuruka. Alitupa kipimo. Alimkumbatia kaka yake kiunoni kwa nyuma, wakaanguka pamoja, akamlalia juu. Mume wangu alikuwa anampiga viwiko na kumtukana. Mdomo wa mume wangu ulipasuka kwa kugonga mbao za gati, si kwa ngumi. Shemeji hakumtazama hata Bata. Alikuwa ananitazama mimi.

"Shemeji, chomoa! Maji yana umeme! Chomoa!"

Nilikimbilia nguzo. Plagi haikutoka, ile plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imenasa, na utepe wa mume wangu ndio ulibaki mikononi mwangu. Shemeji akapaza sauti, "Acha hiyo, swichi kubwa! Ile nyekundu, ubavuni!" Nikaishusha kwa mikono miwili. Gati zima likazimika, redio za watu zikanyamaza.

Hapo hapo akamwachia. Alisema, "Sasa, kaka. Sasa!" Wakaruka wote wawili. Mume wangu alimgeuza Bata uso juu, shemeji akamsukuma kwa chini, mimi nikamvuta kwa ukosi. Tulipomlaza gatini hakuwa anapumua. Shemeji akambana pua na kumpulizia, mume wangu akawa anamkandamiza kifua, na shemeji anamwambia, "Nguvu, kaka, usimwonee huruma." Sijui ilichukua muda gani. Najua nilikuwa nimeshika mguu wa Bata, na ulikuwa wa baridi.

Kisha akakohoa. Akatapika maji juu ya suruali ya shemeji. Akafungua macho akauliza, "Nani amenipiga?"

Nilikaa chini pale pale. Nilicheka na kulia kwa pamoja, watu wakadhani nami nimepigwa na umeme.

Aliyewapigia simu polisi ni bibi wa boti nyeupe, ya tatu kutoka kwetu. Sina neno baya juu yake. Kwa pale alipokuwa, aliona mtu anazama na mtu mwingine amemkalia mwokozi. Ningekuwa mimi, ningepiga simu hiyo hiyo. Polisi walipokuja, sisi tulikuwa tunamwingiza Bata kwenye gari la wagonjwa, na kila mtu alikuwa anasema kwa wakati mmoja. Shemeji akachukuliwa. Hakubisha. Alimwambia tu mume wangu, "Kaka, nenda na Bata. Mimi nipo."

Leo asubuhi tumepita hospitali kabla ya kuja hapa. Bata amekaa kitandani, anakula, analalamika kwamba mto ni mgumu. Daktari amesema moyo wake uko sawa na kesho anaruhusiwa. Bata mwenyewe ametuambia hivi: "Angemwacha kaka yake aruke, leo mngekuwa mnatuosha wawili." Mume wangu akamgeuzia mto. Tangu nimtie Bata machoni akiwa hai, Afande, nina nguvu mpya. Naweza kuandikisha maelezo mengine kumi kama haya.

Mume wangu alikosea kuchomeka ule waya. Hakujua kwamba umeme wa hita ungepitia propela hadi majini, lakini alikuwa ameambiwa asiiguse. Shemeji hakuzuia uokoaji, aliufanya uwezekane. Alimshika kaka yake kwa sababu hakutaka kumpoteza.

Nimeyasema niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, bila kushurutishwa, na nayakubali kuwa ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari aliyeandika:

Nimemsomea shahidi maelezo haya. Ameyakubali, isipokuwa mahali pamoja: niliandika kuwa shemeji yake "alimpiga" mume wake, akaomba isomeke "alimshika". Nimesahihisha. Bibi wa boti nyeupe amefika kituoni, amesomewa, na ameomba lalamiko lake lisiendelee. Majeruhi amethibitisha kwa simu kuwa hana lalamiko. Nimewasiliana na mkuu wa kituo, na aliyekuwa mahabusu ameachiwa saa sita kasoro. Kaka yake alisimama kwenye benchi alipomwona. Walikumbatiana mlangoni hadi ikabidi niwaombe wapishe njia, kwani walikuwapo wananchi wengine waliohitaji kuingia.